Ufukwe wa Ziwa ni wa Nani?

Wapo watakaoshangaa kuona Tume ya Haki na Amani ikileta hapa Samuye, mahali pasipo na ziwa, habari za nyumba zinazojengwa kando ya Ziwa Victoria. Jibu limo bombani. Tangu mwaka 2009 maji ya ziwa huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi miji ya Shinyanga na Kahama. Anayechimba choo ufukweni anakichimba kando ya mtungi wetu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wenye mitaji, na baadhi ya wakubwa wanaowaunga mkono, husema kwamba ufukwe ulio wazi ni mali iliyolala. Hoteli na nyumba za kifahari zitaleta ajira na kodi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwashi hulipwa siku za ujenzi tu, na mlinzi wa lango ni mmoja, ilhali ukuta ukishaziba njia ya majini, mwalo mzima hukosa pa kuegesha mitumbwi na pa kuanika dagaa.

Kwetu Usukumani jambo hili si geni. Tunajua ngitili ni nini: malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate kupona kiangazi. Hakuna aliyewahi kuyaita malisho hayo mali iliyolala. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulifufua desturi hiyo, na miti ikarudi palipokuwa jangwa. Zile mita 60 ni ngitili ya ziwa. Matete huchuja uchafu unaotoka nchi kavu, na katika maji mafupi sato hulea watoto wake.

Tena ziwa lenyewe halikubali kupimiwa mpaka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 likarudi katika kiwango hicho, na mwaka 2024 likakipita. Nyumba nyingi za ufukweni, katika nchi zote tatu zinazolizunguka, ziliingiliwa na maji.

Lakini sheria njema yaweza kugeuzwa fimbo ya kumpigia mnyonge. Ikiwa kibanda cha mvuvi kinavunjwa kwa ajili ya mita 60, na ghorofa ya mwenye fedha inabaki ndani ya mita hizo hizo, hapo mazingira hayakuhifadhiwa. Ufukwe umehamishwa tu mikononi. Sheria haiulizi kama nyumba ni ya bwana mkubwa, ya mvuvi au ya watawa. Sisi wa ukanda wa dhahabu tunajua neno "uwekezaji" linavyoweza kumfikia mtu mdogo: mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mabishano juu ya haki zao yalidumu miaka mingi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 yataka fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe bila kukawia.

Hata hivyo fidia si yote. Tukisoma vizuri habari za Nabothi (1 Fal 21), tunaona kwamba Ahabu alikuwa tayari kutoa shamba zuri zaidi, au fedha. Nabothi alikataa kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa bidhaa.

Wengi wetu tuna ndugu waliohamia vijiji vya ziwani. Tuwaambie kwamba, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaidhinisha. Siku ombi la ufukwe linapoletwa, wasibaki nyumbani. Waombe kuonyeshwa ramani, na zile mita 60 zipimwe kwa kamba mbele ya macho yao, kabla muhtasari haujatiwa sahihi.