Kuchemsha Maji Hakuondoi Risasi



Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumelelewa katika ada ya kuchemsha maji ya kunywa. Ada hiyo ni njema, kwani moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini katika nyumba nyingi kongwe za Minneapolis na Saint Paul, la kuhofiwa ni madini ya risasi, nayo hayaungui. Maji yapunguapo kwa mvuke, risasi hubaki sufuriani, ikazidi kukolea.

Maji ya miji hii hutoka mto Mississippi na husafishwa vyema. Risasi huingia njiani, katika mabomba ya kale yaungayo nyumba na bomba kuu, na katika lehemu za nyumba zilizojengwa kabla ya 1986. Fiqhi imetufundisha kuyatambua maji ya tohara kwa rangi, ladha na harufu; risasi haibadilishi hata kimojawapo. Udhu hauna hofu, kwani ngozi haifyonzi risasi ya majini kwa kiasi cha kudhuru. Hatari ni kuinywa, hasa kwa watoto, ambao huwaharibu ubongo.

Kwa hiyo wataalamu wamebuni vitambuzi vya umeme. Ncha ya kitambuzi hupakwa chembe za dhahabu au kaboni zenye ukubwa wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe hizo hutandaza uso mpana katika nafasi finyu. Umeme huivuta risasi kutoka majini ikaganda juu ya ncha. Kisha umeme hugeuzwa, risasi ikabanduka, na mkondo utokeao hapo hudhihirisha kiasi chake, hata kikiwa mikrogramu chache kwa lita. Hata hivyo, shaba huweza kukichanganya kitambuzi, hivyo hukumu bado ni ya maabara iliyoidhinishwa.

Basi tufanye nini? Tulikwaruze kwa sarafu bomba liingialo nyumbani: likiwa laini, likang'aa kama fedha, na sumaku isilishike, yamkini ni la risasi. Tuiulize ofisi ya maji. Saint Paul ilianza mwaka 2022 mpango wa miaka kumi wa kuyabadilisha mabomba hayo bila kumtoza mwenye nyumba. Wapangaji nao wamhimize mwenye nyumba wao. Wakati tungojapo, tuyaache maji yatiririke kwanza, tutumie ya baridi kwa chai, uji na maziwa ya mtoto, na tuyapitishe katika chujio lililothibitishwa kuondoa risasi. Nao watoto wetu wadogo tumwombe daktari awapime damu.