Mbu wa Bandia Hatishi Kama Siri ya Mama

Msomaji mpendwa, je, liko jambo ambalo umekuwa ukimficha mwanao kwa miaka na mikaka? Usinijibu sasa. Keti kwanza nikusimulie filamu moja ya vitisho na vichekesho, kisha tutarudi papo hapo.

Filamu yenyewe yaitwa Popcorn, ya mwaka wa 1991. Usitarajie makuu. Ilipigwa kwa pesa chache mjini Kingston, Jamaica, ingawa hadithi yake ni ya Marekani. Ndiyo maana utashangaa kusikia reggae ikirindima pale usipoitarajia!

Wanafunzi wa chuo wanaosomea utengenezaji wa filamu wamekosa pesa. Wanakata shauri kulisafisha jumba kuukuu la sinema, Dreamland, na kuonyesha humo filamu tatu za kale za kutisha kwa usiku mmoja. Kila filamu ina kioja chake. Ile ya mbu mkubwa ikifika penyewe, mbu wa bandia anapita kwenye waya juu ya vichwa vya watazamaji. Ile ya mtu wa umeme, viti vinawashtua waliovikalia. Ya tatu ni ya uvundo, nao ukumbi unajazwa harufu mbaya.

Usidhani ni porojo. Mnamo 1959, Mmarekani William Castle alipoonyesha filamu yake The Tingler, alitega mitambo ya kutetemesha chini ya baadhi ya viti. Mwaka uo huo, kwa ajili ya House on Haunted Hill, alipitisha mifupa bandia ya binadamu juu ya watu. Nayo Scent of Mystery, ya 1960, iliwapulizia watazamaji harufu kwa mabomba. Watu walipiga mayowe, kisha wakaangua kicheko. Hofu ya aina hiyo haidhuru. Taa zikiwaka, unarudi nyumbani ukalale.

Lakini ndani ya Popcorn mna hofu nyingine. Msichana mmoja katika wanafunzi hao, Maggie, huota ndoto ile ile mara kwa mara: mtu wa kuogofya, mtoto wa kike na moto. Siku wanapolisafisha jumba, wanapata mkanda wa zamani. Wanapoutazama, Maggie anaiona ndoto yake kiwamboni! Anamweleza mama yake, Suzanne. Mama anaingiwa na wasiwasi, lakini hafungui kinywa.

Kumbe Suzanne si mama mzazi. Ni mama mdogo wake, aliyemwokoa akiwa mtoto mchanga wa akili siku baba yake mwenyewe alipotaka kumuua jukwaani. Alimlea kwa mapenzi na kumfunika ukweli ili asiumie. Basi usiku wa onyesho, mtu anayeijua siri hiyo anaingia Dreamland na kuanza kuua. Watazamaji wanashangilia, wakidhani ni kioja kingine. Muuaji ni nani? Hilo sikwambii, nisije nikakumalizia utamu.

Sasa turudi kwako. Ni wengi miongoni mwetu tuliowalea watoto wa ndugu zetu waliofariki au walioshindwa. Mtoto anakuita mama, nawe unaitika. Si kosa, ni heshima kubwa. Kosa ni kudhani kuwa kwa kuwa hajauliza, basi hajui. Mtoto hukumbuka vipande: sauti, sura, mlango uliofungwa. Akikosa mtu wa kumuunganishia vipande hivyo, ataviunganisha peke yake, na ajuavyo mtoto huwa ni kutisha zaidi ya yaliyotukia.

Ama siku moja ataambiwa na asiyempenda. Shangazi aliyekasirika, jirani mwenye ulimi mrefu, mwanafunzi mwenzake shuleni. Ukweli ule ule, ukitoka kwako, ni dawa chungu. Ukitoka kwa mwingine, ni kisu.

Suzanne alimpenda Maggie, hilo halina shaka. Alikosea jambo moja tu: alingoja. Alingoja hadi msiba ukamtangulia kusema.

Kwa hivyo ukiipata filamu hii, itazame na vijana wako waliokomaa, wadogo wakiwa wamelala. Mcheke huyo mbu hadi mbavu ziwaume. Halafu zima televisheni, mtengeneze chai, na kama lipo neno, liseme.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.