Baridi au ya moto?

Mgeni kutoka Marekani akiagiza soda kwenye mgahawa wa Dar es Salaam, huulizwa: “Baridi au ya moto?” Hushtuka. Hajui kwamba “ya moto” ni ile tu ambayo haijapita kwenye friji, na wapo wanaoipenda hivyo hivyo, hasa wenye mafua. Kwao Marekani, glasi ya maji yenye barafu hutua mezani kabla ya mtu kuagiza chochote, bila malipo.

Kwetu maji ni chupa, na chupa ni bili.

Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 inayotaka migahawa ionyeshe wazi kwamba mteja anaweza kuomba maji ya kunywa bure. Hispania ikafuata mwaka 2022. Lakini sheria hizo zinaegemea bomba linaloaminika. Hapa mteja husubiri kwanza asikie kizibo kikikatika mbele yake.

Mama lishe amelimaliza hili kimya kimya: jagi la maji yaliyochemshwa, kikombe cha plastiki kimefunika mdomo wake, na kila anayekula ubwabwa anajimiminia. (Yamechemshwa lini? Ni haki kuuliza.) Migahawa mikubwa yenye mashine za kuchuja maji jikoni haina kisingizio cha kukosa jagi kama hilo.