Paneli miaka 25, inveta je?

UMEME WA NYUMBANI
Na Selemani Mkwizu

Mnunuzi wa sola akifika dukani, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, atasikia mapema kwamba paneli zina dhamana ya miaka 25. Si uongo. Watengenezaji wengi huahidi kuwa baada ya muda huo paneli bado itatoa takriban asilimia 80 ya nguvu yake ya awali. Ikifika zamu ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, sauti ya muuzaji hushuka: miaka mitano, miwili, pengine mmoja. Mnunuzi huondoka na ile 25 kichwani, ilhali mfumo hudumu kwa kadiri ya kile kinachochakaa mapema. Katika inveta nyingi za nyumbani, mshukiwa wa kwanza wa uchakavu huo anajulikana kabla hata inveta haijafungwa ukutani, naye ni kapasita za elektroliti. Naona umri wake uandikwe kwenye karatasi ya bidhaa, palepale zinapoandikwa wati.

Umeme wa paneli huingia kwa mtiririko ulio karibu sawa, lakini nguvu inayotoka kwenye inveta ya fezi moja, kwa umeme wetu wa hezi 50, hupanda na kushuka mara 100 kila sekunde. Kapasita ndiyo ghala la kufidia tofauti hiyo. Ndani ya mkebe wake wa alumini mna karatasi iliyoloweshwa kimiminika, na kimiminika hicho hutoka kidogo kidogo, kama mvuke, kupitia mpira unaoziba mkebe. Kinavyopungua, ukinzani wa ndani unaongezeka. Mkondo uleule sasa unazalisha joto zaidi, na joto hilo linazidi kukausha. Fundi anapokuta kichwa cha kapasita kimevimba, ujue kazi hiyo ilianza siku nyingi.

Uzuri ni kwamba uchakavu huu unahesabika. Ubavuni mwa kapasita huandikwa nyuzi 85 au 105 za sentigredi, na mtengenezaji hutaja ni saa ngapi itadumu katika joto hilo. Kanuni ya wahandisi ni kwamba joto likipungua kwa nyuzi 10, umri huongezeka maradufu. Chukua kapasita mbili za saa 2,000, moja ya nyuzi 105 na nyingine ya 85, uziweke ndani ya inveta ambamo joto la kapasita ni nyuzi 65, jambo lisilo la ajabu chini ya bati la Dar es Salaam au Mombasa. Ya kwanza inapata saa 32,000, ya pili 8,000. Mwaka una saa 8,760. Kwa inveta ya betri inayowaka usiku na mchana, hiyo ni miaka mitatu na nusu na ushei dhidi ya miezi 11. Kwa macho, inveta mbili zenye kapasita hizo zinaweza kufanana kabisa, na wati zilezile.

Mhandisi makini atanisahihisha, na ana haki. Saa hizo hupimwa kapasita ikibeba mkondo wake kamili, na mzigo wa usiku huwa mdogo. Tena, kikomo cha umri kwa kawaida ni uwezo kupungua kwa kiasi kama asilimia 20, si kupasuka. Kwa hiyo hesabu yangu ni ya ukali. Lakini ni hesabu ya kulinganisha, na tofauti ya mara nne kati ya kapasita hizo mbili inabaki hata mzigo ukiwa mwepesi.

Wengine watasema inveta zetu zinauawa na radi, vumbi kwenye feni na transista za nguvu zinazoungua. Ni kweli, na hakuna kapasita itakayozuia radi. Lakini radi ni ajali. Kukauka ni ratiba. Hata hizo transista zinaumia kapasita ikidhoofu, maana volti za ndani huanza kuyumba. Vumbi nalo huua kwa njia ileile ya joto. Inveta iliyofungwa upande wa kivuli, yenye nafasi ya hewa pande zote, hupata miaka ya ziada bila kuongezwa shilingi.

Je, tudai kapasita za plastiki, ambazo hazina kimiminika cha kukauka? Kwenye mitambo mikubwa zinatumika sana. Kwa inveta ya nyumbani ni kubwa zaidi kwa uwezo uleule na bei yake ni ya juu, hivyo kuzilazimisha kungemrudisha mnunuzi wa kipato kidogo kwenye jenereta. Kapasita nzuri ya elektroliti, ya nyuzi 105 na saa 5,000, inatosha ikipewa hewa. Wala tusijifariji kwamba ikifa fundi ataibadilisha: ndani ya inveta mnaweza kuwa na volti 400 zinazobaki hata baada ya kuzimwa, na kipuri cha bei rahisi sokoni mara nyingi ni kile cha nyuzi 85.

Kenya ina kanuni za mifumo ya sola tangu 2012, na EPRA, mamlaka yake ya kudhibiti nishati na petroli, hutoa leseni kwa mafundi. Tanzania ina TBS, shirika lake la viwango. Kiwango cha kimataifa cha inveta za sola, IEC 62109, kinahusu usalama, hakimwambii mnunuzi kitu kuhusu umri. Pengo hilo linazibika kwa mistari miwili kwenye karatasi ya bidhaa: aina ya kapasita, na joto pamoja na saa zake. Muuzaji anaweza kudanganya, bila shaka. Ila mkaguzi akichomoa inveta moja kwenye shehena na kufungua kifuniko, nyuzi zitakuwa zimeandikwa ubavuni mwa kapasita, na namba ya toleo pembeni yake itamwonyesha saa kwenye jedwali la mtengenezaji.