Mgeni Karibu, Mbwa Wabaki Kwao

Baridi iliyopita, hapa Minneapolis, rafiki yangu Mmarekani alikuja kulala kwangu siku mbili na mbwa wake wawili. Wakakojolea zulia, wakapanda makochi, mmoja akalamba sahani ya pilau. Sisi wafuasi wa Imam Shafii chombo kilicholambwa na mbwa tunakiosha mara saba, moja kwa udongo. Udongo utaupata wapi chini ya theluji? Mke wangu alinuna, mimi nikachekacheka. Rafiki akadhani tumefurahi!

Ndugu zangu, tusichanganye mambo. Aprili 2007 mamlaka ya uwanja wa ndege hapa ilipitisha adhabu kwa madereva wa teksi, wengi wao Wasomali, wanaokataa abiria wenye pombe au mbwa wa kuongoza vipofu. Kwa mbwa hao naafiki: amefundishwa, na ndiye macho ya mwenyewe. Lakini nyumba yangu si teksi, na mbwa asiye na adabu si macho ya mtu.

Kosa langu ni kunyamaza. Safari ijayo nitamwambia mapema: karibu wewe, mbwa waache kwenu. Hilo si kumfukuza mgeni. Kibaya ni kumchekea, kisha kumsengenya akishaondoka.