Maradhi ya Mmoja, Dawa ya Wawili



Juma hili twazungumzia maradhi ambayo akina mama wengi huyaficha: ute wa ukeni wenye harufu mfano wa samaki, inayozidi baada ya tendo la ndoa. Madaktari huyaita vajinosisi ya bakteria. Hutokea bakteria wema wa ukeni wanapopungua na wengine wakashika nafasi yao. Humzidishia mama hatari ya kuambukizwa VVU, na kwa mjamzito, hatari ya kujifungua kabla ya wakati.

Taabu yake kubwa ni kurudi. Mke humaliza dawa akapona, kisha baada ya miezi michache hali ikawa ile ile. Kwa mama aliyeko Kambu, katika Kaunti ya Makueni, kila kurudi kwa daktari ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi. Kinachouma zaidi ni kuambiwa kuwa ni mchafu. Hapo huanza kujiosha ndani kwa sabuni, kumbe sabuni huwaondoa wale bakteria wema. Tohara tuliyoamrishwa haidai hayo.

Je, mume hana sehemu yake? Huko Rakai, Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa maradhi haya yalipungua kwa asilimia 40 hivi kwa wake ambao waume zao walitahiriwa. Lakini waume zetu wametahiriwa, na maradhi bado yapo.

Mwaka 2025 watafiti wa Australia walitoa jibu. Katika kundi lililotibiwa mke peke yake, maradhi yaliwarudia wake 63 katika kila 100 ndani ya wiki 12. Mume alipotibiwa pamoja naye, kwa vidonge vya metronidazoli na krimu ya klindamisini ya kupaka kwa siku 7, yaliwarudia 35.

Basi enyi waume, fuataneni na wake zenu kwa daktari. Msinunue dawa kwa kukisia, kwani si kila ute ni maradhi haya. Utafiti ule ulihusu mume mwenye mke mmoja. Aliye na wake zaidi amweleze daktari waziwazi. Wala maradhi haya yasifanywe hoja ya kutuhumiana zinaa.

Mwenye kuumwa ahitaji msaidizi, si hakimu.