Ticha, nirudishie Sani la mjomba!

Vuta kigoda, maana wiki hii nina soo na mwalimu wa darasa la tano, na chanzo cha soo lenyewe ni katuni.

Nyumbani nina dogo. Mpira anaujua, matusi ya daladala anayajua, simu ya bimkubwa anaifungua hata ukibadilisha namba ya siri. Ila mpe kitabu uone kioja. Anaweka kidole chini ya neno, anaanza: "A-li-kwe-nda so-ko-ni." Akifika kwenye nukta muulize nani kaenda sokoni, anakutazama kama umemuuliza bei ya ndege. Herufi anazijua zote, ila habari haiingii. Bimkubwa akawa analipia tuisheni, dogo anarudi na kidole kilekile.

Sasa, mjomba wangu ana boksi uvunguni. Ndani kuna magazeti ya Sani ya enzi zake, mengine yameshaliwa na mende. Kwa mliozaliwa juzi: Sani ni gazeti la katuni lililoanza miaka ya 1970, na jina lake ni Saidi na Nico waliounganishwa, yaani Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo walimotamba akina Lodi Lofa na Ndumilakuwili, kazi ya mkono wa marehemu Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986. Mjomba anasema nakala moja ilikuwa inazunguka kijiwe kizima mpaka inachakaa.

Siku moja napiga pasi, dogo kalala kifudifudi na Sani, anacheka. Mara akaja: "Kaka, huyu anasemaje?" Nikamwambia soma mwenyewe, usiniunguzishe shati. Kidole kikaanza. Safari hii alipofika mwisho alirudi mwanzo bila kutumwa, akasoma tena harakaharaka, halafu akapasuka kwa kicheko. Pasi yangu ikabaki hewani.

Nilichokigundua ni hiki. Picha inamwonyesha dogo kwamba jamaa kala kikaango cha kichwa, lakini kala kwa kosa gani, hilo liko kwenye kile kiputo cha maneno. Ukiruka maneno umekosa utamu. Na maneno yenyewe ni mistari miwili mitatu, Kiswahili kilekile anachokisikia uchochoroni, siyo cha "hapo zamani za kale". Hana muda wa kuogopa. Hazikupita wiki nyingi kidole kikaanza kupotea chenyewe.

Nikamwongezea ujanja: nabandika vipande vya karatasi juu ya viputo, yeye ndiye aandike wanachosema. Mwanzoni vyote aliandika "HAHAHA". Baadaye mmoja akamwandikia: "Mama nanii, mwenye nyumba kaja, mwambie nimesafiri." Hiyo hakuitoa gazetini, kaitoa sebuleni kwetu!

Kimeo kilitokea alipobeba nakala moja hadi shule. Ticha akainyakua, mzazi akaitwa. Bimkubwa alikuwa kwenye biashara yake, nikaenda mimi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ndiye wewe unayempa mtoto uchafu huu?"

Akalifungua kwenye ukurasa wenye dada mmoja na kisketi chake. Mtu wangu, hapo nilikosa la kusema. Sani walichorewa watu wazima, siyo darasa la tano, na mimi sikulipekua kabla. Goli la kwanza la ticha. Akaja na la pili: mtoto akizoea lugha ya kijiweni, kwenye mtihani ataandika nini?

Hilo nilimbishia. Nikamwambia wenzetu Kenya mwaka 2010 walianzisha Shujaaz, katuni ya kijana anayeitwa DJ Boyie, ikawa inaingia mtaani ndani ya gazeti la Jumamosi, tena kwa Sheng kabisa. Vijana wakasoma mambo ya maana, mpaka habari ya kupaka vifaranga rangi ili mwewe asivitambue. Na kule Marekani Art Spiegelman alichora maisha ya baba yake aliyenusurika mauaji ya Wayahudi, Wayahudi akawafanya panya na Wanazi paka. Kitabu kinaitwa Maus, na mwaka 1992 kilipewa tuzo ya Pulitzer. Nacho ni uchafu? Halafu huo mtihani, mtoto asiyeelewa anachosoma hata swali lenyewe halioni!

Ticha akanyamaza. Halafu badala ya kunifukuza akanionyesha kabati. Hadithi zimo, vitabu vichache, vimefungiwa kwa kufuli. Watoto zaidi ya sabini, vikichanika anaulizwa yeye. Nikajikuta namwonea huruma, mimi niliyekwenda pale kwa shari.

Tukakubaliana nimletee ukurasa mmoja msafi, viputo vitupu, mwenyewe nitoe fotokopi, kila dawati karatasi moja, Ijumaa kipindi cha mwisho. Dogo anasema kelele zilimtoa mwalimu wa darasa la jirani kuja kuchungulia, na kuna mtoto hajawahi kunyoosha kidole tangu mwaka uanze, siku hiyo alisoma kiputo chake mbele ya wote.

Ijumaa ya pili sikuwa na hela ya fotokopi. Nikajua ndiyo basi. Kumbe ticha kachora mwenyewe ubaoni! Anachora vibaya, dogo anaapa kwamba ng'ombe wake ana sura ya mjumbe wa nyumba kumi. Lakini walimwandikia maneno yule ng'ombe mpaka kengele ikalia.

Kilichobaki ni lile gazeti. Kila nikipita kwake: "Mjomba, Sani langu liko wapi?" Nimemuulizia ticha mara mbili. Mara ya kwanza alisema liko kwenye droo. Juzi kasema nisubiri kidogo, mumewe hajamaliza kulisoma.